Kugawa kwa mia hakutoshi: vipimo vya mionzi katika ukanda wa dhahabu

Mionzi imeingia ukanda wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa kwa milango mingi. Mchimbaji anayekohoa Runzewe huambiwa akapige picha ya kifua. Mama wa Bukombe aliyekutwa na saratani ya mlango wa kizazi hupewa rufaa ya Bugando, Mwanza, akaanze tiba ya mionzi. Kabla Bugando haijaanza tiba hiyo, safari ilikuwa ya kwenda hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Barabara ya lami inayotoka Isaka, ikapita Kahama, Ushirombo na Runzewe, ikapeleka malori Rwanda na Burundi, ni ya aina ambayo wahandisi hukagua ushindiliaji wake kwa kifaa chenye chanzo cha mionzi ndani yake. Mitambo mikubwa ya kuchenjua dhahabu hupima uzito wa tope linalopita kwenye mabomba kwa chanzo cha namna hiyo hiyo. Na chini ya ardhi, kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, imo radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye mwamba wenyewe.

Kila mlango una karatasi yake, na karatasi hizo haziandikwi kwa vizio vya aina moja. Jalada la hospitali litaandika Gy, yaani grei. Kitabu cha tiba cha miaka ya 1970 kitaandika rad, yaani radi. Kibandiko kwenye kifaa kilichotengenezwa Marekani kitaonyesha mCi, milikyuri. Mita ya zamani itasoma mR/h, milirontgeni kwa saa. Ripoti ya mgodi wa chini ya ardhi inaweza kuja na WLM, kizio cha radoni ya migodini. Beji ya mfanyakazi ikisomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, jibu litarudi kwa milisiveti, mSv. Anayepaswa kuziweka namba hizi zote kwenye daftari moja la afya na usalama ana kazi ambayo wengi huiona ndogo: kubadili vya zamani viwe vya sasa. Huambiwa agawe kwa mia, basi.

Mimi nasema mia ni sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Iko mipito ambayo mia inaivuka salama, na iko mingine ambayo kizidishio chake si cha hesabu tupu bali ni makadirio juu ya mtu: mwili wake, mapafu yake, saa zake kazini, muda anaokaa nje ya nyumba. Mtu aliyekadiriwa mara nyingi hakuwa mchimbaji mdogo wa Kanda ya Ziwa. Asiyeitambua tofauti hiyo atapata jibu lililonyooka kwenye kikokotoo na lililopinda kwenye mwili wa mtu.

Tuanze na mia yenyewe, kwa kuwa inastahili kueleweka badala ya kukaririwa. Mionzi inapopita kwenye mwili huacha nishati, na dozi iliyofyonzwa ni nishati hiyo ikigawanywa kwa uzito wa sehemu iliyoipokea. Mwaka 1953 wataalamu walikubaliana kuiita radi 1 pale ambapo gramu moja ya kitu imepokea ergi 100. Ergi ni kizio kidogo mno: ergi 10,000,000 ndizo jouli 1. Mwaka 1975 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ulipitisha kizio kinachokaa pamoja na jouli na kilo, ukakipa jina la Louis Harold Gray, mwanafizikia Mwingereza aliyeishi 1905 hadi 1965: jouli 1 kwa kila kilo 1 ni grei 1. Fuata hesabu. Ergi 1 kwa gramu ni sehemu moja ya 10,000 ya jouli kwa kilo. Zidisha kwa 100, unapata sehemu moja ya mia. Kwa hiyo radi 100 ni grei 1, kamili, bila desimali inayoburuta nyuma, na itabaki hivyo daima kwa kuwa hakuna kilichokadiriwa. Vivyo hivyo remu 100, kizio cha zamani cha uwezekano wa madhara mwilini, ni siveti 1, kizio kilichopitishwa mwaka 1979 kwa jina la Rolf Sievert wa Uswidi. Na kyuri 1, kipimo cha kasi ya chanzo kutoa mionzi, ni bekereli bilioni 37.

Mnunuzi wa dhahabu wa Katoro au Runzewe anaishi na jambo hili kila siku. Bei ya dunia husomwa kwa wakia, mizani yake inasoma gramu, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1; anageuza bila kusita, kwa kuwa dhahabu haibadiliki. Lakini mwambie akugeuzie kilo za mawe kuwa gramu za dhahabu, naye atakuuliza mawe hayo yametoka duara gani. Radi kwenda grei ni wakia kwenda gramu. Rontgeni kwenda siveti, au WLM kwenda siveti, ni mawe kwenda dhahabu.

Hata penye mia salama, viambishi vidogo vya mbele ya kizio huangusha watu. Miliremu 1 ni mikrosiveti 10, wala si 100 wala 1. Miliremu 100 ni milisiveti 1, ambayo ndiyo kikomo cha mwaka kwa mwananchi wa kawaida katika viwango vya kimataifa, bila kuhesabu matibabu na mionzi ya asili. Binadamu kwa wastani hupokea kutoka kwenye ardhi, anga, chakula na hewa kama milisiveti 2.4 kwa mwaka, yaani miliremu 240. Picha moja ya kifua ni sehemu ndogo ya hiyo, kwa kawaida milisiveti 0.1 au chini yake: miliremu 10, mikrosiveti 100. Soma mikrosiveti 100 kama milisiveti 100 na picha ya kifua inageuka jambo la kutisha, mara elfu ya ukweli wake. Katika eneo ambalo vumbi la mawe, kifua kikuu na zebaki ni hatari za karibu zaidi kuliko mionzi, mchimbaji anayekimbia picha ya kifua kwa sababu ya herufi moja iliyosomwa vibaya anapata hasara ya kweli. Kukosea kwa kuzidisha nako ni kukosea.

Hospitali za tiba zilitafuta njia ya kujikinga. Vizio vipya vilipoingia, madaktari waliozoea kuandika radi 200 kwa siku walihofia kwamba mtu ataandika 2 palipokuwa na 200, au 200 palipotakiwa 2. Wengi wakachagua sentigrei, cGy, kwa sababu sentigrei 1 ni radi 1 barabara. Ratiba ya kawaida ya tiba ya mionzi kutoka nje ya mwili ni grei 2 kwa siku kwa siku 25, jumla grei 50. Kwenye majalada ya zamani hiyo hiyo ni radi 5,000, na kwenye majalada ya kipindi cha katikati ni cGy 5,000. Namba haikuhama, herufi tu zilibadilika. Naona ulikuwa uamuzi wa busara, ingawa uliahirisha kazi: leo hospitali moja inaweza kuwa na mtaalamu anayesema hamsini na mwingine anayesema elfu tano, wote wakiwa sahihi, na mgonjwa akasikia elfu tano akadhani ameongezewa.

Yaliyotokea San José, Kosta Rika, mwaka 1996 yanafaa kusomwa na kila anayefanya kazi kwenye chumba cha tiba. Hospitali ilibadilisha chanzo cha kobalti-60. Katika kupima upya nguvu ya mashine, 0.3 ya dakika ilichukuliwa kuwa sekunde 30, wakati 0.3 ya dakika ni sekunde 18. Wagonjwa zaidi ya 100 wakapewa dozi kubwa kuliko waliyoandikiwa kwa zaidi ya nusu, na baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Tatizo halikuwa grei wala radi. Lilikuwa muda, kizio ambacho kila mtu anaamini anakijua.

Sasa kuna swali ambalo ndugu wa wagonjwa huuliza, na lina haki ya kujibiwa: ikiwa dozi ya grei 4 au 5 mwili mzima inaweza kuua, mama yetu anapewaje grei 50 akapona? Jibu limo ndani ya kizio chenyewe. Grei ni jouli kwa kilo, lakini haisemi ni kilo zipi. Hamsini ya mgonjwa imeelekezwa kwenye nyonga tu, na imegawanywa kwa wiki tano ili nyama nzima zijijenge upya kati ya siku na siku. Nne inayoua imeingia kila kilo ya mwili, uboho wa mifupa ukiwemo, kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo hiyo, dozi ya tiba haipaswi kuandikwa siveti 50 hata kama kizidishio cha mionzi yake ni 1. Siveti ilitengenezwa kupimia uwezekano wa madhara ya baadaye katika dozi ndogo. Haikutengenezwa kueleza kinachotokea kwenye uvimbe unaouawa kwa makusudi. Nimeona maandishi ya kuelimisha umma yakibadili kila grei kuwa siveti kana kwamba siveti ni jina la kisasa zaidi la kitu kile kile. Si hivyo.

Hapo tunafika kwenye mpito wa kwanza usio mia. Ili kutoka grei kwenda siveti unazidisha kwa namba inayotegemea aina ya mionzi: 1 kwa eksirei na gama, 20 kwa alfa, na kwa nyutroni namba inayopanda na kushuka kufuatana na nguvu yake, kati ya 2.5 na 20. Kisha, ukitaka madhara ya mwili mzima, unazidisha tena kwa uzito wa kiungo. Namba hizi hutolewa na tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, na tume hiyo huzibadili utafiti unapoendelea. Katika mapendekezo ya 1990 titi lilipewa uzito wa 0.05, katika yale ya 2007 likapewa 0.12. Tezi za uzazi zikashuka kutoka 0.20 hadi 0.08. Kwa hiyo picha ile ile ya matiti, iliyopigwa kwa mashine ile ile na kuacha miligrei zile zile, ina milisiveti zaidi ya mara mbili kwenye karatasi ya baada ya 2007. Mwanamke hakuongezewa chochote. Rekodi isiyo na tarehe ya kanuni iliyotumika haiwezi kulinganishwa na nyingine, hata zote mbili zikiwa na mSv mwishoni.

Turudi barabarani. Kifaa cha kukagua ushindiliaji kwa kawaida hubeba vyanzo viwili: seziamu-137 yenye milikyuri 8 kwa kupima msongamano wa tabaka, na amerisiamu-241 iliyochanganywa na berili, milikyuri 40, kwa kupima unyevu. Kwa vizio vya sasa ni gigabekereli 0.296 na 1.48. Mpaka hapo 37 imetosha. Lakini msimamizi akileta mita ya zamani, akasoma mR/h pembeni ya kifaa na kugawa kwa mia ili apate mSv kwa saa, amefanya makosa mawili yenye uzito usio sawa.

La kwanza ni dogo. Rontgeni hupima chaji ya umeme ambayo eksirei au gama inazalisha kwenye hewa. Haipimi nishati iliyoachwa mwilini. Hewa iliyopokea rontgeni 1 imepokea radi 0.877, na nyama laini ya mwili mahali hapo ingepokea karibu radi 0.96. Anayeichukua rontgeni 1 kuwa radi 1, kisha remu 1, amezidisha kidogo, na kwa kazi ya kinga kosa hilo linavumilika kwa sababu limeelemea upande wa tahadhari. La pili ni kubwa. Amerisiamu na berili kwa pamoja hutoa nyutroni, na mita ya kawaida ya gama karibu haizioni kabisa. Kila radi ya nyutroni za namna hiyo imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa kama remu 10. Kwa hiyo msimamizi amegawa kwa usahihi namba isiyo na sehemu muhimu ya dozi ndani yake. Kosa la aina hiyo halitibiwi na jedwali la kubadilishia vizio. Linahitaji mita nyingine.

Dunia iliona mfano mkubwa wa hilo kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Aprili 1986. Mita zilizokuwa karibu ziliishia rontgeni 0.001 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 unapata rontgeni 3.6 kwa saa, na namba hiyo ikapelekwa juu kama hali halisi wakati ilikuwa ukomo wa mita. Ukiigeuza, ni kama milisiveti 36 kwa saa. Hesabu haina kasoro, lakini haina uhusiano na kilichokuwa kinawaunguza watu wa zamu ile.

Hofu yangu kubwa kwa Runzewe, Katoro na Kahama iko kwenye chuma chakavu. Ukanda wa migodi huzalisha vyuma vingi: karasha zilizokufa, mabomba, pampu, mitambo ya makampuni yaliyofunga kazi. Kati ya mabomba ya mtambo wa kuchenjulia panaweza kuwa na kasha la risasi lenye seziamu-137. Tuseme kibandiko chake kinasema 100 mCi na mwaka 1995. Nguvu ya seziamu-137 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30, hivyo mwaka 2025 zilibaki milikyuri 50, ambazo ni gigabekereli 1.85. Anayegeuza namba ya kibandiko bila kuangalia mwaka amekosea mara mbili nzima. Na bado hajajibu swali la mwenye yadi: hii inaweza kunifanya nini?

Kulijibu inabidi kutoka kwenye kyuri kwenda kwenye dozi, na hapo hakuna kizidishio mpaka useme umbali na muda. Kyuri 1 ya seziamu-137 isiyo na ngao hutoa karibu rontgeni 0.33 kwa saa ukiwa mita 1. Milikyuri 50 basi ni kama milirontgeni 16 kwa saa, takriban milisiveti 0.16 kwa saa. Ukisimama hapo saa sita au saba umefikia kikomo chako cha mwaka, lakini hutaugua. Ukisogea, mambo hubadilika kwa mraba wa umbali. Sentimita 1 ni mara mia karibu zaidi, na dozi ni mara 10,000 zaidi: grei 1.6 kila saa kwenye ngozi iliyoigusa, radi 160. Chanzo hicho hicho, siku hiyo hiyo, kinaweza kuelezwa kama 0.16 au kama 1,600 katika milisiveti kwa saa. Aliyekiweka mfukoni ataungua nyama ya paja.

Huko Goiânia, Brazili, Septemba 1987, chanzo cha seziamu-137 kilichoachwa kwenye kliniki ya tiba iliyohama kilichukuliwa na watu wawili, kikauzwa kwenye yadi ya chuma chakavu. Kilikuwa na kyuri 1,375, yaani terabekereli 50.9, mara 13,750 ya kile cha kibandiko chetu. Unga wake ulitoa mwanga wa buluu, watu wakaugawana kwa mshangao. Wanne walikufa, kwa dozi zilizokadiriwa kuwa grei 4.5 hadi 6. Watu 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Sitaji Goiânia kuwatisha wanunuzi wa vyuma wa Kanda ya Ziwa kwa jambo lisilo la ukubwa huo. Naitaja kwa kuwa walioubeba unga ule hawakuwa na kizio chochote cha kuusoma, cha zamani wala cha sasa, na alama ya kasha ilikuwa imetenganishwa na chanzo mapema. Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya 1983, inataka kila chanzo kiwe na kibali na kumbukumbu. Kumbukumbu hizo zitasaidia yadi ya Runzewe ikiwa zitasomeka kwa vizio vyote viwili, pamoja na mwaka, kwa sababu mwenye yadi atakutana na mCi kwenye chuma na GBq kwenye barua.

Mpito mgumu kuliko yote uko chini ya ardhi. Vipimo vya radoni ya migodini vilizaliwa kwenye migodi ya urani ya Marekani katika miaka ya 1950, na kizio chao kilihesabu nishati ya alfa kwenye lita ya hewa, kisha mwezi mmoja wa kazi ndani ya hewa hiyo. Ndiyo hiyo WLM. Mwezi ulipewa saa 170. Tusimame kidogo kwenye saa hizo, maana zimekaa ndani ya namba zote zilizofuata: ni saa za mfanyakazi wa mshahara mwenye zamu, siku za mapumziko na likizo. Mchimbaji mdogo hushuka duarani kufuatana na mwamba, mvua, mafuta ya pampu na ugomvi wa mgao. Wiki hii anaweza kulala huko chini, mwezi ujao akawa shambani. WLM inaweza kumpima, kwa sharti kwamba saa zake zimehesabiwa kweli badala ya kuazimwa.

Kisha kuna hewa. Kizio cha msingi cha mfumo huo, WL 1, ni sawa na pikokyuri 100 za radoni kwa lita, ambazo ni bekereli 3,700 kwa mita ya ujazo, iwapo tu radoni na vizalia vyake vimelingana. Kwenye shimo lililofungwa hukaribia kulingana. Kwenye duara linalopulizwa hewa safi kwa mpira hukaa chini sana ya hapo. Pikokyuri kwenda bekereli ni 37 daima. Bekereli kwenda WL ni swali la hewa inavyotembea kati ya matimba ya shimo hilo, saa hiyo. Miamba ya kijani inayobeba dhahabu ya Geita kwa kawaida ina urani kidogo, na matale yanayoizunguka huwa na zaidi, kwa hiyo hata maduara mawili ya jirani yanaweza kutofautiana.

Mwishoni kabisa, kutoka WLM kwenda siveti, hata mia yenyewe inatoweka. Mwaka 1993 tume ya kimataifa iliweka WLM 1 ya mfanyakazi kuwa milisiveti 5. Mwaka 2017, kwa takwimu mpya za saratani ya mapafu na hesabu mpya za chembe zinavyokaa kifuani, ikaweka karibu milisiveti 10. Chukua kikomo cha migodi ya Marekani, WLM 4 kwa mwaka. Kwa kizidishio cha kwanza ni milisiveti 20, sawasawa na kikomo cha wastani cha mwaka kwa mfanyakazi wa mionzi katika viwango vya kimataifa. Kwa kizidishio cha pili ni 40, maradufu ya kikomo. Mapafu ni yale yale, hewa ni ile ile. Mgodi ulioandika mSv peke yake kabla ya 2017 na kutupa WLM ya asili umewanyima wafanyakazi wake nafasi ya kuhesabiwa upya.

Wachimbaji wa kusini-mashariki mwa Kongo wana sababu zaidi ya kujali. Shinkolobwe, Katanga, mgodi uliotoa urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki, ulifungwa rasmi, lakini wachimbaji wadogo waliendelea kuingia kutafuta kobalti hadi shimo lilipoporomoka mwaka 2004 na kuua watu. Huko mtu alibeba kwenye kiroba mwamba ambao alfa yake huzidishwa kwa 20 ikishaingia kifuani, na hakuna aliyekuwa akihesabu saa zake.

Juu ya ardhi nako kuna makadirio yaliyojificha. Tafiti za udongo na miamba ya Afrika Mashariki, kuanzia Mrima Hill huko Kwale, Kenya, penye thoriamu nyingi, hadi maeneo ya urani ya Namtumbo, hutoa majibu kwa nanogrei kwa saa katika hewa. Kupata milisiveti kwa mwaka, watafiti huzidisha kwa saa 8,760, kisha 0.7 ya kuvuka kutoka hewa kwenda mwili, kisha 0.2 kwa kuwa mtu anachukuliwa kukaa nje moja ya tano ya muda wake. Nanogrei 100 kwa saa zinatoa milisiveti 0.12. Lakini mkulima, mwendesha bodaboda, mama muuza mihogo barabarani na mponda mawe wa Runzewe hawakai nje moja ya tano ya maisha yao. Weka nusu, jibu linakuwa 0.31. Ni kweli kwamba nyumba nayo hutoa mionzi, pengine kuliko uwanja, ikiwa matofali yametoka kwenye udongo huo huo, na hesabu ya ndani hufanywa kando. Hoja yangu ni kwamba 0.2 ni maelezo ya namna ya kuishi, na anayeitumia Bukombe bila kuuliza ameandika maisha ya watu wengine kwenye daftari la watu wa Bukombe.

Daftari lenyewe linaweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Namba ya asili iandikwe kwanza kama ilivyosomwa, pamoja na kizio chake: 16 mR/h, 100 mCi ya 1995, WLM 0.5. Pembeni yake kiandikwe kifaa kilichotumika na mionzi kinayoweza kuiona, umbali na muda. Ndipo ije namba ya kisasa, na kizidishio kilichotumika kitajwe pamoja na mwaka wa kanuni yake. Kwa mgodi mkubwa wenye afisa wa mionzi hii ni nyongeza ya safu tatu kwenye jedwali. Kwa wachimbaji wadogo kinachokosekana kabla ya yote ni saa. Kamati za rashi, yaani za machimbo mapya yanayokimbiliwa, huandika tayari nani ameshuka, kwa ajili ya mgao wa viroba. Zikiandika pia aliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, siku Tume itakapoweka vipimo vya radoni kwenye maduara hayo, dozi ya mchimbaji itahesabiwa kwa saa zake mwenyewe badala ya 170 za mfanyakazi wa mgodi wa Marekani.